Nilipokuwa Ulimi wa Bibi

Mwaka huu nimegombana na iliki. Najua unataka kucheka, ndugu yangu, lakini nisikilize kwanza, kicheko hakiozi. Mtu mzima, baba wa watoto, nimesimama jikoni kwangu Kimara Jumamosi mchana, saumu imenibana, na mbele yangu pana bakuli la unga wa viungo niliousaga kwa mkono wangu. Nanusa, naweka chini, nanusa tena. Rangi ni yenyewe. Harufu nayo inakuja, inakuja, nasema leo nimepata, halafu inakata kona na kwenda zake. Kuonja siwezi, nimefunga. Nikisubiri nionje baada ya futari, ulimi umeshalewa tende na uji wa pilipili manga, hauna tena la maana la kuniambia. Mke wangu akapita kuchukua ndoo, akavuta pumzi kidogo, akasema, "Baba watoto, si ununue tu ile ya pakiti?" Kuna mambo ambayo mtu aliyefunga ni bora asiyajibu.

Nilikuwa natafuta viungo vya bibi, vile alivyokuwa akitia kwenye mkate wa Idi. Bibi yupo, nashukuru, anaishi na mama yangu Temeke katika nyumba ile ile tuliyokulia. Ila tangu homa iliyomlaza masika yaliyopita, pua yake imekufa. Hasikii harufu ya kitu chochote. Udi ukifukizwa hajui, samaki akiungua hajui. Na chakula kisicho na harufu, anasema, ni sawa na kutafuna karatasi. Sahani inakwenda kwake imejaa, inarudi imejaa. Amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni, na mama ameanza kuniambia habari zake kwenye simu kwa sauti ya chini ambayo siipendi.

Ndipo dada yetu mkubwa alipoandika kwenye grupu la familia kwamba tumpikie bibi mkate wake, kwa viungo vyake mwenyewe, kwa kuwa ladha ya mkono wake mwenyewe hawezi kuikataa. Akila ule, atakula na mengine. Watu wote wakaitikia. Na lilipokuja swali la nani atatengeneza viungo, wote wakanitaja mimi, hata wale ambao kwa kawaida huwa hawanikumbuki. Walisema mimi ndiye niliyekuwa ulimi.

Ngoja nikueleze hiyo kazi ya ulimi, maana siku hizi sioni nyumba inayoifanya.

Kwetu viungo vya mkate havikununuliwa vikiwa tayari. Bibi alivitengeneza mwenyewe katika kumi la mwisho la Ramadhani, na alifanya mchana, kati ya adhuhuri na alasiri, kabla wanawake hawajaanza kuhangaika na futari. Alileta vitu vyake kutoka Kariakoo vikiwa vimefungwa vipande vya gazeti: iliki, magome ya mdalasini, karafuu, kungumanga, tangawizi kavu iliyokunjamana, na pilipili manga kidogo sana, ambayo mtu asiyejua angeshangaa inatafuta nini kwenye mkate mtamu. Vyote vilianikwa kwenye ungo juu ya paa la banda la kuku. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku, ambao kwa sababu zao wenyewe waliipenda iliki kuliko mtama.

Kisha tulikaa uani kwenye mkeka kumenya. Kumenya iliki ni kazi ya kukuonyesha kama una roho. Ganda ni gumu, punje ni ndogo na zinanata, kucha zinauma, na nje ya ukuta wa mabati unawasikia wenzako wakicheza mpira na wakilitaja jina lako. Bibi hakukuruhusu kutwanga na maganda. Maganda yalikwenda kwenye chai. Ukimwambia umechoka alikujibu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," na akakuongezea mengine mapajani. Kutoka nyumba za jirani ulisikia vinu vingine vikigonga, cha huyu kizito, cha yule chepesi, na redio ya mtu ikipiga kaswida. Mtaa wote ulinukia sikukuu kabla sikukuu haijafika.

Mdalasini na karafuu zilipitishwa kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika ya kutema mate tu, kisha kinuni. Alitwanga, akachekecha, akarudisha makapi, akatwanga tena. Kungumanga alilikwaruza mwishoni kabisa. Kila kiungo kilikaa kwenye kisahani chake. Hapo ndipo kazi ya kuchanganya ilipoanza, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo: watu wazima wote wa nyumba ile walikuwa wamefunga. Pua inaruhusiwa, ulimi hapana. Wapo wanaosema unaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini bibi hakutaka kusikia mambo ya kutema. Alimhitaji mtu asiyefunga. Na katika nyumba ya Waislamu mchana wa Ramadhani, mtu asiyefunga ni mtoto.

Sie wadogo tulikuwa tunafunga nusu. Unaamshwa daku kwa fujo zako mwenyewe, unafunga mpaka adhuhuri, unakula kiporo jikoni kwa kujificha kama umeiba, na jioni unafuturu na wakubwa kwa majivuno yote. Kwa hiyo adhuhuri ikipita, ulimi wangu ulikuwa huru. Bibi aliniita, "Mume wangu, njoo ufanye kazi." Bibi zetu wa Pwani humwita mjukuu wa kiume mume, na mie wakati huo niliamini kabisa kwamba ni ndoa ya kweli na nilimwonea babu huruma.

Alichanganya unga kidogo wa viungo na sukari na tui vuguvugu kwenye kijiko, akanitia mdomoni. Halafu alisema maneno ambayo alikuwa akiyasema kila mara: "Usiseme. Nitazame."

Hakutaka niseme. Alisema mtoto ukimuuliza atakuambia tamu, ili apewe kijiko kingine, na hapo alikuwa amenijua barabara. Kwa hiyo nilinyamaza nikamtazama, naye akanitazama. Alinikazia macho mpaka nikaona haya. Nikikunja jicho moja, alivuta karafuu pembeni na kuongeza iliki. Nikilamba midomo upesi, aliguna. Nikimeza halafu nikakaa kimya bila kutikisika, alijua pana kitu kimepungua, mkono ukaenda kwenye mdalasini wenyewe, jicho likiwa bado usoni pangu. Aliongeza, akakoroga, akaninywesha. Aliongeza tena. Kuna wakati nilijaribu kumdanganya kwa kubana uso ili mchezo uendelee. Alinipiga kikofi cha paja akasema, "Uso huo si wako, rudisha ule." Mwisho kilifika kijiko kimoja ambacho sijui uso wangu ulifanya nini. Bibi alifunika kopo palepale na kusema basi. Hakuongeza hata chembe.

Mkate wenyewe unaujua. Mchele uliorowekwa, ukasagwa na nazi, ukatiwa hamira na sukari na kijiko cha viungo vile, ukaachwa uumuke. Ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, ukawekwa kwenye makaa, na juu ya mfuniko akapalia makaa mengine. Ulipoiva na kupinduliwa, mgongo wake ulikuwa wa rangi ya hina iliyokolea, na harufu ilitoka nje bila kuomba ruhusa. Watoto wa mtaani waliiacha mechi.

Mwaka nilioamua kufunga mchana kutwa, kama wakubwa, nyumba nzima ilinisifu. Nilishonewa kanzu. Bibi alipiga kigelegele akasema mume wake sasa ni mwanamume. Adhuhuri ya siku ya viungo nilikaa karibu yake kama kawaida, nikafumbua mdomo kwa mazoea. Akacheka, akanifunga mdomo kwa kidole, akamwita mdogo wangu wa kike. "Mke mwenza, njoo. Huyu ameshastaafu." Nilikaa pembeni nikitazama kijiko kinaingia kinywa cha mwenzangu. Nilijisikia mkubwa, na wakati huo huo nilitaka kulia.

Baada ya mdogo wangu naye kukua, nyumba haikuwa tena na mtoto. Unajua bibi alifanya nini? Alimwita jirani juu ya ukuta. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkristo kutoka Iringa, mama mpole mwenye miwani. "Mwalimu, njoo utuonjee, sie wenzio tumefunga." Mwalimu alikuja na daftari za kusahihisha kwapani, akasimama pale uani akafumbua mdomo kama mtoto, na bibi akamkazia macho vilevile. Mwalimu naye alipata kopo lake la kutilia kwenye keki ya Krismasi. Jambo hilo halikumshangaza mtu yeyote mtaani.

Sasa unaona kwa nini wote walinitaja mimi. Nilifanya kazi ile miaka mingi kuliko ndugu zangu, tangu mdogo sana. Na ladha ninayo, nakuapia. Ukiniletea viungo vile leo vikiwa vimefichwa kati ya vingine mia, nitavichomoa. Kinachonitia wazimu ni kwamba naijua ladha na sijui njia ya kuifikia. Mie ni muuza dawa, nina duka langu la dawa hapa Kimara. Katika kazi yangu huwezi kumwambia mgonjwa ameze vidonge vya kutosha. Kila kitu kina kipimo chake. Basi nikampigia bibi simu kama mtu mwenye akili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mke mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Bibi, naomba kukuuliza. Vile viungo vya mkate, iliki ulikuwa unatia kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ndiyo kiasi gani?"

"Si unaangalia? Ukiona imetosha unaacha."

"Na mdalasini?"

"Mdalasini usizidi."

"Usizidi nini?"

"Usizidi iliki."

"Haya, karafuu?"

"Karafuu unakadiria."

Nikamuuliza kama hata kijiko hakuwahi kutumia. Akasema kijiko alikuwa nacho, cha kunilishia mie. Akacheka mpaka akakohoa, mama akamnyang'anya simu. Nilibaki nimeshika simu yangu dukani, mteja ananingoja na kikohozi chake, na nikahisi kama nimetukanwa.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye yale mabakuli ya Jumamosi. Nilichukua mizani ndogo. Nilijaribu iliki nyingi, nikajaribu iliki chache. Nilikaanga, nikaacha kukaanga. Mashine ya kusagia ilipasha moto mdalasini ukanuka mbao, nikasonya, nikaenda kuazima kinu kwa jirani. Mtoto wangu wa mwisho nilimwita aonje, maana hajaanza kufunga. Alionja akasema tamu. Nikamwambia asiseme, anitazame. Akanitazama, mie nikamtazama, na sikuona kitu. Niliona mtoto mwenye sukari shavuni. Akaniuliza, "Baba, mbona umekasirika?" Nikamwachia aende zake kucheza.

Mwisho nilichagua kilichokaribia. Nikapika mkate katika jiko la gesi, kwa kuwa makaa ya juu na chini yalinishinda, na Jumapili alasiri nikaubeba kwenda Temeke. Dada mkubwa alikuja, mdogo wetu wa kike akaja. Tuliwakuta mama na bibi uani. Banda la kuku halipo tena, pamejengwa chumba cha mpangaji, na ukuta wa mabati umekuwa wa matofali, mrefu, huwezi kumwita mtu juu yake. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki amejifunika kanga, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipombusu mkono niliusikia mfupa.

Tulifuturu. Tukamaliza kuswali magharibi, nikaukata mkate mbele ya watu wote. Dada mkubwa akatafuna, akatikisa kichwa.

"Siyo," alisema. "Karafuu ziko wapi? Vya bibi vilikuwa vina karafuu mpaka zinakuwasha kwenye fizi."

"Karafuu?" mdogo wetu akaruka. "Da' mkubwa, acha zako. Viungo vya bibi havikuwaga na karafuu kabisa. Ilikuwa tangawizi. Kaka hapa katia karafuu nyingi mno, naona kama nipo kwa daktari wa meno."

Nikawaambia wote wawili wanasema uongo, kwamba ilikuwa iliki mbele, mdalasini nyuma, na karafuu kwa mbali. Nani alikuwa ulimi miaka mingi? Dada mkubwa akasema na yeye alikuwa ulimi kabla mie sijaota meno. Mdogo wetu akasema na yeye je, alikuwa jiwe? Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwahi kufuturu na ndugu zangu. Sauti zilipanda. Mama akajaribu kusuluhisha kwa kusema kwamba yeye anavyokumbuka, kile kilichokuwa kikizidi ni kungumanga, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Nilipandwa na hasira ambayo haikuwa ya karafuu. Nilimtazama bibi na kipande chake kilichong'atwa pembeni kidogo tu, kimewekwa kwenye kisosi, nikajua nimeshindwa. Nilimwambia, kwa sauti kali kuliko ilivyonipasa, "Bibi, hebu waambie basi. Nani kati yetu anasema kweli?"

Bibi alitutazama mmoja mmoja.

"Wote," alisema. "Huyu dada yenu alikuwa anapenda viungo vikali, asipowashwa anaona hajala. Nilikuwa namtilia karafuu hizo. Wewe mume wangu ulikuwa mtu wa iliki, karafuu ukizisikia tu jicho linajifumba. Huyu mke mwenza ndo tangawizi. Na yule mwalimu, masikini, alikuwa anataka mdalasini mtupu. Nyie mlidhani vilikuwa vya namna moja?"

"Kwa hiyo hakukuwa na kipimo?" nikauliza.

"Kipimo nyie. Mwenye kuonja ndo mwenye mkate mwaka huo. Wengine mnakula tu."

Nilijaribu kufikiri jambo hilo lina maana gani na nilizidi kukasirika kadiri lilivyoniingia. Miaka yote hiyo nilijiona nalinda siri ya bibi mdomoni mwangu, hazina ya ukoo, na kumbe nilikuwa nalinda ladha ya mtoto mmoja mpenda iliki. Sikuwa nimepoteza kipimo cha bibi. Hakikuwepo. Alikuwepo mtoto yule, na mtoto yule hayupo, nimekaa mahali pake mie mwenye kitambi na duka la dawa. Ladha ile haiwezi kurudi hata ningeletewa bustani nzima ya Unguja, kwa kuwa uso uliokuwa ukisomwa umeshabadilika na macho yaliyokuwa yakiusoma yamechoka.

Mdogo wetu ndiye aliyeuliza. Sisi wawili wakubwa, wenye kujua, hatukufikiria.

"Na wewe bibi, vya kwako ulikuwa unapenda vipi?"

Bibi alijifunika kanga vizuri. "Mie?" alisema. "Mie mambo ya sukari sukari sijawahi kuwa mtu wake. Toka utoto. Mie nipe muhogo wa kuchemsha na chumvi yake, basi, nimemaliza."

Alisema kwa wepesi tu, kama mtu anayekutajia siku ya wiki. Dada mkubwa aliacha kutafuna. Nilirudi haraka haraka kwenye asubuhi zote za Idi ninazozikumbuka, nikamtafuta bibi akila ule mkate. Nilimwona akiupindua. Nilimwona akiukata, akichagua vipande vya ukingoni kwa ajili yangu kwa kuwa ndivyo nilivyopenda, akifunika sahani za majirani kwa vitambaa na kututuma huku na kule. Nilimwona akituuliza umeiva, umeiva? Nilitafuta kwa bidii na sikumwona hata mara moja ukiwa mdomoni mwake. Alipokuwa akila sijui alikuwa akila nini. Nilikulia katika nyumba hiyo.

Na sisi tulikuwa tumepanga, tumeandikiana kwenye grupu siku kadhaa, tumegombania karafuu, kumrudishia hamu ya kula kwa chakula ambacho yeye hakuwahi kukitamani. Hakuna aliyefikiria kumuuliza. Yeye naye asingesema, kwa kuwa hakuzoea kuulizwa, na kwa kuwa tulikuwa tumekuja na sahani mkononi tukiwa na furaha.

Nililala Temeke siku hiyo. Asubuhi nilikwenda sokoni Tandika nikachagua muhogo mwenyewe, ule mfupi mnene usio na nyuzi. Muuzaji akanihakikishia kwamba ni mtamu, nikamwambia sitaki mtamu, nataka unaoiva, akaniona sina akili nzuri. Nilimenya, nikachemsha kwa maji na chumvi mpaka ukapasuka wenyewe. Kiasi cha chumvi sikujua. Mie nilikuwa nimefunga. Bibi siku hizi hafungi, uzee na maradhi vimemwondolea hilo, kwa hiyo mchana ule katika nyumba yote yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakula.

Nilimpa kipande kidogo. Akaanza kuniambia ahsante, kizuri, nikamwambia anyamaze. Nikamtazama.

Nilimtazama kwa muda mrefu, na nakiri sikujua natafuta nini. Uso wa mzee una mikunjo yake ya kudumu, huwezi kujua upi ni wa umri na upi ni wa chumvi. Niliongeza chumvi kidogo nikampa kipande kingine, akatafuna. Nikaongeza tena. Sikuwa na macho yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo ningepaswa kujifunza pale mkekani, na sikujifunza, kwa kuwa mie nilikuwa natazamwa. Mtu anayetazamwa namna ile hafikirii kwamba kutazama nako ni ufundi, na kwamba siku moja utahitajika.

Kipande fulani kilipofika, taya lake lilikwenda polepole zaidi. Macho yakaachana nami yakaenda ukutani, mbali, huko kwao Rufiji labda, kwa mama yake ambaye sikuwahi hata kumuuliza jina lake. Kisha mkono wake ukatoka chini ya kanga, bila kuniangalia, ukaenda kwenye sahani wenyewe. Akala. Alikula polepole, kipande baada ya kipande, na sahani ilirudi jikoni tupu. Mama alipoiona aliishika kwa mikono miwili na kwenda kuiosha.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, sikatai. Lakini ndugu yangu, nina hasira bado. Vinu havigongi tena mtaani kwetu, viungo vinauzwa kwenye pakiti zenye picha ya keki, ukuta umekua mrefu na mwalimu alihama zamani. Hayo yote ningeyasamehe, mambo huenda na wakati wake. Lisilonitoka ni lile dogo. Mwanamke alitukazia macho maisha yake yote, akajua jicho la nani linajifumba kwa karafuu na ulimi wa nani unataka tangawizi, akatupikia kila mmoja wetu uso wake. Na imebidi pua yake ife ndipo mmoja wetu ainue macho kumwangalia yeye akila.